Kipande cha Nane

Nyinyi mnaoniita Guka, babu yenu, hapa mtaa wa Tena, mnaopita mkinirushia "niaje Guka" bila hata kungoja nijibu, leo simameni kidogo. Kuna mmoja wenu amepata kazi juzi kwenye maabara nilikostaafu, akaja kuniuliza mbona kule ndani, juu ya sinki, kuna karatasi imeandikwa kwa kalamu nyekundu: USIPIME KWA WIMBO. Anasema wenzake wanadhani ni mzaha wa mtu. Hakuna mzaha hapo. Karatasi hiyo iliandikwa kwa sababu yangu, kwa mkono wa Mama Aggrey, na kila ilipochakaa aliiandika upya mpaka siku aliyostaafu. Huyo mama hakutaka nisahau.

Basi ketini niwaeleze, na mwenye kusikiza huku akichezea simu ajue simrudii.

Kazi yetu ilikuwa kuzalisha mitende ndani ya chupa. Ndiyo, mitende, ile miti ya tende. Mmeanza kucheka tayari. Mtende utaingiaje kwa chupa? Hauingii mzima, nyinyi, sikizeni. Ukila tende ukapanda kokwa yake, mtende utaota, sikatai. Lakini karibu nusu ya kokwa hutoa mitende dume, na mtende dume hauzai tende hata ukiuombea. Na ule jike nao si lazima ufanane na mama yake. Mama alizaa tende tamu, binti anazaa vitu hata mbuzi anavitema. Ukitaka mtende uleule, sharti uchukue chipukizi linaloota ubavuni mwa mama, pale chini ya shina. Na machipukizi ni machache, na mtende ukizeeka hauyatoi tena. Ndiyo maana sisi tulichukua chipukizi moja, tukalivua majani hadi kwenye moyo, tukaukata moyo vipande vidogo, tukavilisha kwenye chupa mpaka kila kipande kikatoa mitende midogo mingi, yote ikiwa ni yule mama mmoja tu. Hiyo ndiyo kazi niliyofanya mpaka magoti yakakataa ngazi.

Nasema ngazi kwa sababu maabara ilikuwa ghorofa ya pili, na chini yetu walikuwa mafundi wa kuchomelea mageti. Sisi juu tunatafuta hewa isiyo na vumbi hata chembe, wao chini wanasaga vyuma kutwa. Madirisha tuliyaziba kwa gundi. Daktari, mwenye maabara, alikuwa akishuka kuwaomba wapunguze kelele, na kila mara alirudi amekunywa chai yao na kelele ziko palepale.

Mimi sikusomea sayansi. Nilitoka soko la Kariokor, kwenye kibanda cha baba yangu, nikikata akala, vile viatu vya tairi. Siku moja Daktari alikuja kutafuta viatu vya shambani, akaniona nikikata tairi kwa jicho tu, bila rula, akasimama pale mpaka nikadhani ni askari wa kanjo, wale wa jiji. Akaniuliza, "Hicho kisu unaweza kukata kitu laini nacho?" Nikamwambia naweza kukata chochote. Nilidhani anataka ngozi ya mbuzi. Wiki iliyofuata nilikuwa nimevaa koti jeupe na kofia ya nailoni, nikisugua chupa za jemu.

Chupa za jemu, miezi mitatu! Hakuna kukata kitu. Aliyeniweka hapo ni Mama Aggrey, mama wa Vihiga, mfupi, kiongozi wa kwaya kanisani kwao Umoja, na huko maabara ndiye alikuwa sheria. Daktari alijua vitabu, lakini Mama Aggrey ndiye aliyejua kazi. Alikuwa akiinua chupa niliyoosha dhidi ya taa, anaitazama, anairudisha sinkini bila neno. Nikinung'unika, ananiambia, "Mtoto wa Nyeri, hii si chupa ya kuweka mafuta ya kupika. Hapa ndani kuna sukari. Kila ukungu wa Nairobi unatafuta mlango wa kuingia hapa, na wewe ndiwe umeshika kitasa."

Na kweli, chakula tulichoipikia ile mitende hata wewe ungekionja. Maji, sukari, chumvi za mimea, vitamini, homoni kidogo sana, na ile poda inayofanya kitu kigande kama jeli. Tunatia na unga wa makaa, chakula kinakuwa cheusi tititi, kwa sababu mtende ukikatwa hutoa maji yanayogeuka kahawia na kuuua mtende wenyewe, na makaa huyanyonya. Yote hayo tunayapika kwenye sufuria kubwa ya presha mpaka kila mdudu afe. Halafu unakuja wewe mwanadamu, na kucha zako na pumzi yako.

Kwa hivyo sheria zilikuwa hizi, na mzishike mkienda kule. Kata kucha. Usijipake marashi. Kisu na kibano, chovya kwenye spiriti, pitisha motoni, ngoja vipoe. Ukikosa subira utaukaanga mtende na utasikia harufu yake. Mkono usipite juu ya chupa iliyo wazi. Na kubwa kuliko zote, mdomo ufungwe. Si kuongea, si kucheka, si kupiga mluzi. "Mdomo wako ni shamba la wadudu," Mama Aggrey alizoea kusema, "na mimi sijakodi shamba."

Sasa najua swali lenu. Kama mdomo umefungwa, wimbo umeingiaje?

Umeingia hivi. Kabla kipande cha mtende hakijaingia kwenye chupa, lazima kiogeshwe kwa jiki, ile ya kufulia nguo nyeupe, iliyopunguzwa na maji. Kikikaa kidogo, ukungu unabaki. Kikikaa sana, kinaungua. Kipimo chetu kilikuwa dakika kumi na tano. Saa ya ukutani ilisimama, Daktari akasema ataleta betri, akaendelea kusema. Simu nazo haziruhusiwi ndani. Mnajua wenyewe simu zenu huwa mnaingia nazo wapi. Basi Mama Aggrey alikuwa na wimbo mmoja wa kitabuni wa beti nne na kiitikio, anauimba kimoyomoyo akitikisa chupa, na ukiisha anatoa. Zamani saa ikiwa nzima aliujaribu mara nyingi. Dakika kumi na tano, wimbo umekwisha. Hata Daktari alizoea kuuliza, "Wimbo umefika wapi?"

Na ule wimbo niliujua. Hata kwetu kanisani uko. Shikeni hapo.

Mama Akiru aliingia maabara siku moja ya jua kali, amekumbatia gunia bichi. Mturkana mrefu, shanga shingoni, kimya. Alikuwa ametoka kwao kaskazini kuja kwa bintiye anayekaa mtaa wa Tassia, na ndani ya gunia mlikuwa na chipukizi la mtende. Mto uliwafurikia, ukang'oa mtende uliopandwa na mama yake mzazi. Machipukizi mengine yalikwenda na maji. Hili moja lilikwama kwenye mizizi ya mgunga, na alipolipata tayari upande mmoja ulikuwa umeanza kuoza.

"Kuna mitende mingine kule kwetu," alimwambia Daktari, "lakini si huu. Tende za huu mama yangu ndizo alitulisha mwaka wa njaa. Mimi nazijua mdomoni. Hakuna mwingine amebaki anazijua."

Daktari alimweleza ukweli. Chipukizi limeumia, na hata likipona, mmea wa chupa mara nyingine hubadilika njiani ukazaa kitu kingine. Mama Akiru alisikiza yote, kisha akauliza, "Nani atakata?" Mama Aggrey akaninyooshea kidole. Yule mama akanishika mkono, akaugeuza akatazama sugu za Kariokor, akaniachia. Nilijisikia mkubwa siku hiyo, siwafichi. Miaka ya kuosha chupa na kukatakata, na sasa mtu ameleta mti wa mwisho wa mama yake, nao unawekwa mkononi mwangu.

Asubuhi iliyofuata Mama Aggrey akapigiwa simu, shemeji yake amefariki kule Vihiga. Chipukizi lililoanza kuoza haliwezi kungoja mazishi. Aliniambia mlangoni, mkoba begani, "Gitau, kata vipande. Loweka kwenye maji ya asidi ya ndimu visigeuke kahawia. Halafu jiki, wimbo mzima. Wimbo mzima, umesikia? Halafu osha mara tatu kwa maji yaliyochemshwa."

"Ai, Mama, kwani mimi ni mgeni?"

Kuogesha kwa jiki alikuwa hajaniachia hata siku moja. Hiyo ndiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza.

Nililivua chipukizi jani kwa jani, nikaruka upande uliooza, nikafika kwenye moyo, mweupe, mdogo kama kidole gumba. Nikapata vipande vinane vizuri. Nikaviloweka, nikavitia kwenye jiki ndani ya kichujio kidogo cha neti, nikaanza wimbo wangu moyoni, mdomo umefungwa kabisa. Beti nne, kiitikio, amina. Nikainua kichujio, nikavihamisha vipande, nikahesabu. Saba.

Woi! Nilipekua sinki. Nilipekua meza. Nilipiga magoti nikatafuta sakafuni, chini ya friji, kwenye soli za viatu vyangu. Jasho lilinitoka nikasikia kofia inateleza. Nilipokuwa nimeshakata tamaa ndipo nikaona kitu cheupe chini kabisa ya chupa ya jiki. Kipande cha nane kilipenya kwenye neti na kilikuwa kimekaa humo muda wote. Nilikitoa kwa aibu, nikakiosha, nikakiweka kwenye chupa ya mwisho na kuandika 8. Nilijua hicho kimeshaungua. Niliwaza, si kitu, saba vinatosha.

Mama Aggrey alirudi baada ya wiki. Hakuuliza habari za nyumbani wala kuketi. Alifungua kabati la giza tulimohifadhi chupa changa, na mimi nikiwa nyuma yake nikitabasamu kama bwana harusi.

Chupa ya kwanza ilikuwa na manyoya meupe. Ya pili manyoya ya kijani. Ya tatu ilikuwa na ute uliozunguka kipande kama maziwa yaliyoharibika. Alizitoa moja moja akazipanga mezani, na alipofika ya saba nilitamani sakafu ipasuke niangukie kwa wale wa mageti. Ya nane ilikuwa safi. Kipande kimekaa pale, kimefifia kidogo, lakini safi.

"Hiki ulikifanyia nini?" akauliza.

"Hicho nilikisahau kwenye jiki, Mama. Kilikaa sana."

"Kilichokaa sana ndicho safi?" Akanitazama. "Gitau. Toka huku nje."

Tulitoka hadi kwenye ngazi. Akanikunjia mikono. "Imba."

"Hapa?"

"Imba wimbo, wewe, vile uliimba ile siku. Kwa sauti."

Nikaimba. Chini mafundi wakazima mashine wapate kusikiza. Kwetu, vijana, mtu wa piano anagonga, mnasimama, mnaimba beti ya kwanza, kiitikio mara moja, ya pili, kiitikio, mpaka ya nne, amina, mnaketi. Hata dakika nne hazifiki. Nilipomaliza Mama Aggrey alikuwa bado ananingojea.

"Endelea."

"Umekwisha."

"Umekwisha?" Akashika reli ya ngazi. "Yesu wangu. Hiyo ndiyo mnaita wimbo?"

Akauimba wake. Vijana, kwao kuna ngoma. Kiitikio kinarudiwa mara nne, wanawake wanajibu, wanaume wanajibu, mpiga ngoma akipata joto kinarudiwa tena, ndipo waingie beti ya pili. Aliimba pale kwenye ngazi akipiga ngoma kwenye reli, na alipofika beti ya tatu mimi nilikuwa nimeshaelewa, nimeketi chini, kichwa mikononi. Miaka yote tumefanya kazi bega kwa bega na midomo imefungwa, kila mtu na wimbo wake moyoni, na hakuna aliyewahi kumsikia mwenzake.

Siku hiyo Daktari alinunua betri. Na Mama Aggrey akatafuta kalamu nyekundu.

Lakini nani angemwambia Mama Akiru? Daktari alisema ataandika barua. Mama Aggrey akasema, "Barua ya nini? Gitau ana miguu." Nilipanda ghorofa nne za ile nyumba ya Tassia nikipumzika kila ghorofa, wala si kwa uchovu. Nilimkuta kwenye baraza, kati ya nguo zilizoanikwa. Nilimweleza yote bila kuficha: jiki, wimbo, vipande saba kwenye takataka, kimoja kilichobaki. Nilimwambia kosa ni langu, nilijiona fundi kabla sijawa.

Aligeuza nguo moja kambani. Kisha akauliza, "Kwa hivyo mtende wa mama yangu umeoza kwa sababu kanisa lenu lina haraka ya kwenda kula?"

Sikujua kama nicheke ama nilie. Yeye hakucheka. "Hicho kimoja," akasema, "usimpe mtu mwingine. Kiangalie wewe. Kikifa, nataka nisikie kwako. Kikiishi pia."

Basi nikawa yaya wa kipande kimoja. Miezi saba hakikufanya kitu. Kila mwezi nilikihamishia kwenye chakula kipya, nimeshika pumzi mpaka masikio yanavuma, saa ya ukutani ikigonga juu ya kichwa changu. Mnaodhani kazi hii ni ya haraka, bakini na sukuma wiki. Bintiye Mama Akiru alikuwa akinipigia simu ananiuliza kwa niaba ya mamake, "Gitau, huyo mtoto anaendeleaje?" Nami najibu, "Amelala." Mwezi wa nane nikaona ubavuni uvimbe mdogo, chengachenga, rangi ya maziwa. Mnaofanya kazi hii mtajua, huo ndio mwanzo wenyewe. Zile chenga zikaongezeka, tukazigawa chupa mbili, tano, rafu nzima. Na siku nilipofungua kabati nikaona ncha moja ya kijani, nilipiga yowe nikiwa ndani ya maabara, mdomo wazi, bila barakoa. Mama Aggrey alikuja mbio kunifokea, akaona, naye akapiga lake.

Kuitoa mitende kwenye chupa ni kazi nyingine, na wengi hufeli hapo. Mtende uliolelewa kwenye chupa haujui upepo. Uoshe jeli yote mizizini, maana ukungu unaipenda. Upande kwenye mchanga na makapi ya nazi, uufunike na nailoni, kisha toboa tundu moja tu. Kesho jingine. Ukifunua yote siku moja kwa sababu una huruma unataka upate hewa, jioni umelala chini. Niliiweka juu ya paa chini ya neti ya kivuli, nikaitobolea tundu kwa tundu. Mama Akiru alipokuja kuichukua aliihesabu kwa kidole, akairudia kuihesabu, akaifunga kwenye magunia mabichi. Hakuniambia asante. Aliniambia, "Ikizaa, nitakuja."

Mtende hauna haraka. Mimi nilistaafu. Mama Aggrey alistaafu. Kila mwaka niliwaza yale maneno ya Daktari, kwamba mmea wa chupa unaweza kugeuka njiani, na nikajiuliza kama nilimlea mama wa watu ama mgeni mwenye sura yake.

Mwaka jana yule binti akanipigia. "Mama yuko. Njoo na yule mwenzako wa kwaya." Tukapanda zile ghorofa nne, mimi na Mama Aggrey, tukigombana nani ana magoti mabaya zaidi. Mama Akiru alikuwa amezeeka sana, amekaa kitini na sahani mapajani imefunikwa kitambaa. Tende. Alizibeba safari yote na hakuwa ameonja hata moja. Alisema alitaka sisi tuwepo, iwe nzuri ama mbaya.

Akachukua moja, akaiweka mdomoni. Meno yalikuwa yamebaki machache, kwa hivyo alikula polepole, macho amefumba. Akatoa kokwa, akaishika kiganjani, na machozi yakamshuka hata asiyafute.

"Ni yeye," akasema. "Ni mama."

Nililia, vijana, sioni haya kusema. Mama Aggrey akalia, yule binti akalia na hata hajui tende zilikuwaje zamani. Kisha Mama Akiru akanigeukia, akaninyooshea mkono wenye kokwa.

"Wewe. Ule wimbo ulioua saba. Uimbe sasa, na usiharakishe."

Nikauanza. Nilipofika kiitikio nikataka kuingia beti ya pili kwa mazoea, Mama Aggrey akanipiga kofi la bega, nikarudia. Tukarudia tena. Mama Akiru akapiga sahani kwa vidole, majirani wa juu wakagonga dari, yule binti akaitikia, tukaenda beti kwa beti bila kuruka kitu, tende zikipita mkono kwa mkono. Tulipofika amina nilikuwa sina sauti.

Mama Aggrey akatazama saa ya ukutani.

"Dakika kumi na tano," akasema. "Sasa hapo ungeweza kutoa."